Msumari wa Komeo

"Mama, sitanii. Viatu vyangu viko wapi?"

"Vimelala. Hata wewe ulitakiwa uwe umelala. Goti limevimba kama papai, unauliza viatu!"

Mwanangu alikuwa ameinama kwa shida, anachungulia chini ya kitanda, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kwa sababu haukunjiki. Ana miaka thelathini na sita. Uwanjani wanamwita Komeo, kwa kuwa mshambuliaji akifika kwake anakuta pamefungwa. Amechezea klabu moja tangu ana kumi na saba. Jana daktari alimwambia mbele yangu: akichomwa sindano nyingine ya maumivu ili acheze msimu mmoja zaidi, atatembelea mkongojo maisha yake yote. Leo saa kumi anataka kwenda mazoezini.

Viatu nilivificha ndani ya kasha la cherehani ya mteja. Mimi ni fundi wa cherehani, nina stashahada ya ufundi, na sijaona kifaa kilicholika kikapona kwa kubembelezwa.

"Tundika daluga, baba," nikamwambia. "Miaka kumi na tisa inatosha."

"Nikitundika, itabidi ning'oe msumari."

Klabu yao haina makabati. Mchezaji akisajiliwa, anagongelea msumari wake mwenyewe kwenye ubao wa chumba cha kubadilishia nguo. Akihama, anaung'oa kwa mkono wake, wenzake wakimtazama. Wengi wameng'oa. Wa kwake umepakwa rangi mara tatu ukiwa palepale.

"Mimi sihami, Mama. Sing'oi."

Hapo likanitoka nililokuwa nimelificha miaka kumi na moja.

"Kosa ni langu. Timu ile kubwa ilipokutaka, mimi nilikuwa nimelazwa. Ukabaki kuniuguza. Nilikukatia njia, ndiyo maana nashindwa hata kukufokea vizuri."

"Hujashindwa. Mtaa mzima umesikia."

Kisha akakaa kitandani, akacheka mpaka akashika goti.

"Mama, wale niliwakatalia Jumatatu. Wewe ukalazwa Alhamisi. Hukuniuliza, ukajipa sifa za bure."

"Sasa ulikataa kwa nini?"

"Napapenda pale. Basi."

Miaka kumi na moja! Nilijisikia kama nimetuliwa ndoo ya maji kichwani. Na kichwa kilipopata nafuu, kikaanza kufanya kazi.

"Hebu niambie. Msumari unang'olewa ukiacha kucheza, au ukiacha klabu?"

"Ukiacha klabu. Lakini hakuna aliyewahi kuacha kucheza akabaki."

"Na kocha si alikuomba uwafundishe mabeki wa timu ya watoto?"

"Aliniomba."

"Lini?"

Akaangalia dirisha. "Mwaka jana."

"Mwaka jana! Kumbe komeo lenyewe liko kichwani!"

Alilipapasa goti lake polepole, juu, chini, kama ninavyopapasa mimi mashine ninayojua haitengenezeki. Kisha akanyoosha mkono.

"Nitolee viatu."

"Vya nini?"

"Vya kutundika. Twende kabla hawajaingia uwanjani."

Nilivitoa kwenye kasha, naye akanitazama kwa jicho baya kidogo. Tukaenda, yeye akichechemea, mimi nimebeba.

Wenzake walikuwa wanavaa soksi. Alifunga kamba za viatu pamoja, akavitundika kwenye msumari wake, akageuka.

"Sichezi tena. Na siendi popote."

Kocha akavua filimbi shingoni mwake, akamvisha.

"Watoto wako uwanja wa nyuma," akasema. "Mabeki wao wanapitika kama mlango wa soko."

"Na msumari?" mmoja akauliza.

"Auguse nani!" kocha akamkata.

Mwanangu alikuwa ameshatoka. Mimi niliujaribu kwa vidole viwili, kwa mazoea ya kazi. Haukutikisika. Nje filimbi ikalia, na sauti ya mwanangu ikafuata, ikimfokea mtu kwa kusimama vibaya.