Bibi Aliyefumua Mwili Wake

Uvumi ulimganda mwanamke mmoja fundi cherehani tangu aliposikia mteja akiusema: uzee nao ni ugonjwa, na dawa yake imepatikana. Eti kuna mstaafu ameota jino jipya. Fundi alicheka, lakini moyo haukutulia, maana mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, alikuwa pale pale akishona matundu ya vifungo, na yeye hakucheka.

Haikupita wiki, Bibi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kichwa alikishika kama amejitwika ndoo.

"Mama, vidonge vya presha umekunywa?"

"Nimeviacha. Nguo kuukuu tukitaka kuigeuza, si tunaifumua kwanza? Daktari Chupa anasema mwili wangu utaanza upya. Dawa yake haijafika, basi mimi nafumua."

Daktari Chupa alikuwa mchuuzi wa dawa hiyo ya uzee, na udaktari wake aliusomea kwenye kipaza sauti.

"Mama, wewe si gauni!"

"Na wewe si mama yangu. Unataka nizeeke mpaka lini?"

Fundi alizima pasi, akafunga duka wateja wakinung'unika, akamkokota mama yake hadi zahanati. Muuguzi alikuwa akitania, lakini alipoona namba za kipimo utani ukamkauka mdomoni. "Mngechelewa, mngemleta amepooza."

Walipompa dawa na kichwa kikapoa, Bibi alianza upya, akamgeukia muuguzi. "Mwanangu, uzee ni ugonjwa au si ugonjwa?"

"Hilo wataalamu bado wanabishana, Bibi. Presha haina ubishi."

"Na magoti? Kila nikilalamika naambiwa ni uzee tu, hata na huyu." Akambinulia mdomo bintiye. "Ndiyo maana nikamfuata aliyekubali kuwa naumwa."

Fundi akavuta kiti, akaketi kwa kishindo. "Basi na magoti yapimwe. Leo hii. Hatutoki hapa."

Yakapimwa. Yalikuwa na uvimbe, na uvimbe ule ulikuwa na tiba yake.

Wewe mwenye mzazi nyumbani, epuka haya:

Kumwachisha dawa bila kumuuliza aliyemwandikia.

Dawa moja inayoponya kila kitu.

Kusema "ni uzee tu" kabla hajapimwa.

Kumcheka anapotamani nguvu zake.

Kuamini amemeza kwa kuwa amesema amemeza. Simama hapo, uone maji yakishuka.