Kumbikumbi wa Januari

Wewe unayesikiliza, umewahi kuona mwanaume analala vizuri, hakohoi, hana homa, lakini kila akiamka amepungua kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji?

Sellah alimwona, na alikuwa mume wake. Gathii alikuwa dereva wa trekta, mtu wa mabega, wa kula mpaka sufuria inakwanguliwa. Tangu arudi Kiminini kutoka kulima shamba la miwa kule Kabuchai, shati lilimning'inia kama limeanikwa. Huko Kitale alipimwa damu, mkojo na kifua. Hakuna kitu.

"Ni hivyo vyakula vyenu vya Bungoma," akasema Nyaruai, mama mkwe.

"Mama, si mimi humpikia githeri kama ulivyonifundisha?"

"Basi labda ni mapishi."

Asubuhi hiyo Sellah alikuwa anakung'uta blanketi alipoona mabawa. Mabawa ya kumbikumbi, membamba, rangi ya chai isiyo na maziwa, yote upande wa Gathii. Akaketi. Ilikuwa Januari, ardhi imepasuka kwa kiangazi, na kumbikumbi hawaruki bila mvua. Kwao hata mtoto anajua.

"Baba Wangechi," akamwita polepole, "ni nani anakuja kwako ukilala?"

Gathii akageukia ukuta. Aibu ilimshika kweli kweli.

"Msichana," akasema mwishowe. "Ni mrembo, sitakudanganya. Ananukia udongo uliopigwa na mvua. Ananilalia kifuani, ananivuta pumzi kwa mdomo, na mimi sitaki aache. Ananiuliza, 'Ni wewe?' Halafu analia na kuendelea kuvuta."

Mwanamke mwingine angerusha vyombo. Sellah akameza wivu wake, akauliza, "Kule Kabuchai ulikanyaga nini?"

Kumbe katikati ya shamba kulikuwa na kichuguu. Mwenye shamba, mzee Jotham, alimwonya akizunguke. Lakini plau ilinasa kwenye mzizi, Gathii akashuka, akapanda juu ya kichuguu kuung'oa. Dereva aliyemtangulia alikufa amekauka. Na aliyemtangulia huyo pia.

"Na Jotham mwenyewe?"

"Hasogei pale. Anasimama barabarani tu na kuelekeza kwa fimbo."

Jirani akawabeba kwa gari lake. Nyaruai naye akajipenyeza kiti cha nyuma na Biblia na thamosi. "Kama ni pepo, nitaomba," akasema. "Kama si pepo, tutakunywa chai."

Jua lilikuwa kali walipofika Kabuchai. Gathii akabaki garini, hana nguvu hata ya kufunga mlango. Sellah akafanya kama bibi yake alivyokuwa akifanya: akainamisha fito juu ya kichuguu, akatandika blanketi na majani ya mgomba mpaka ndani kukawa giza, akaacha tundu dogo tu. Kisha akaweka kipande cha ubao chini, akachukua vijiti viwili, akaanza kugonga. Kwanza matone machache. Halafu manyunyu. Halafu mvua yenyewe, mfululizo, bila kupumzika.

"Ati unadanganya wadudu kwamba mvua imefika?" Nyaruai akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wanaamini?"

"Kila mwaka."

Jotham akaja mbio kutoka barabarani, kofia mkononi. "Wewe mama, toka kwa shamba yangu! Nani amekuambia uchokore hapo?"

Sellah hakuacha kugonga. Mzee, kwa hasira na hofu, akaruka juu ya kichuguu kuvuta blanketi. Viatu vyake vikazama kwenye udongo. Akajitazama miguuni, akakumbuka, lakini alikuwa amechelewa.

Vidole vilitoka kwanza, kwenye lile tundu. Kisha nywele, kisha mabega yenye mabawa marefu yaliyofika visiginoni, yanayong'aa hata huwezi kuyatazama. Miwa ya mashamba ya pembeni ikanyamaza. Uso wake ulikuwa mzuri wa kuumiza.

"Roselyne," Jotham akanong'ona, na hakuna mtu aliyekuwa amemtajia jina hilo. "Ungenyamaza tu kuhusu ile mimba. Ningekuzika kwa nini?"

"Ni wewe," akasema msichana, karibu kwa furaha. Akamshika mashavu, akamvuta pumzi mara moja, ndefu. Mzee akaanguka mwepesi kama makapi ya muwa.

Sellah akadhani imekwisha. Lakini Roselyne akageuka, midomo bado wazi, akaanza kutembea kuelekea gari. Na Gathii, maskini, alikuwa ameshuka, anamtabasamia, mikono mbele. Nyaruai akapiga magoti katikati ya udongo uliogeuzwa na plau, akiomba kwa Kikuyu.

Sellah akatupa vijiti, akasimama katikati yao.

"Huyu si yule," akasema. "Yule umempata, dada. Mbona bado una njaa? Wewe umekuwa ukiuliza watu tu, hujaulizwa. Sema, unataka nini?"

Roselyne akasimama. Bawa moja likadondoka, halafu lingine. Alipofungua mdomo, kilichotoka kwanza kilikuwa pumzi, yenye joto, ikampita Sellah begani, na nyuma yake Gathii akakohoa kama mtu aliyetolewa mtoni. Mbele yao sasa alikuwa msichana wa kawaida, mwenye udongo kwenye kope.

"Mama yangu yuko Bokoli," akasema. "Anafikiri nilitoroka na mwanaume. Nataka nipelekwe nyumbani, anizike yeye."