Stoo Isiyopumua

Asubuhi ile Mzee Hezekia Ntandu hakugusa chai. Mkewe alimmiminia, akamwekea na kiazi pembeni, kisha akamtazama mumewe akivaa kofia, akiivua, akiivaa tena.

"Unakwenda kupimwa wewe au nyumba?" akamuuliza.

"Nyumba."

"Basi nyumba haijakataa chai. Kunywa."

Hezekia akasema chai itamkuta akirudi, akatoka. Mkewe akabaki anacheka peke yake. Ameishi na fundi miaka mingi, anajua kwamba ukuta ukipimwa, aliyeujenga naye yumo mizanini.

Mtinko nzima, ukimtoa mtoto anayenyonya, hakuna asiyeujua mkono wa Hezekia. Nyumba nyingi zilizonyooka pale kazinyoosha yeye. Ndiyo maana Emiliana, mama mfanyabiashara wa vitunguu, alipotaka kujenga stoo ya baridi hakutafuta fundi mwingine. Vitunguu vya huku huvunwa kwa wakati mmoja, vikajaa sokoni mpaka vikakosa adabu, bei ikalala chini. Mwenye pa kuvihifadhi ndiye anayecheka baadaye. Emiliana alikuwa amechoka kulia.

Lakini wenye mashine za baridi walikuwa na sharti lao. Hawatawasha kitu mpaka jengo lipimwe, ionekane kama linashika hewa. Kupoza stoo inayovuja, walisema, ni kuteka maji kwa tenga. Na Emiliana naye akaweka la kwake, tena mbele ya mafundi wote: "Mzee Hezekia, ikipita, nyingine mbili nitakazojenga Kinyangiri ni zako. Ikishindwa nitaleta mkandarasi kutoka mjini, na utanisamehe. Vitunguu vyangu vimeshang'olewa, vimelala shambani."

Maneno hayo yalimnyima Hezekia usingizi, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolijua peke yake.

Fundi aliyemfundisha kazi, marehemu Simoni, alikuwa na imani moja: nyumba isiyopumua huwaozesha watu wake. Kila alipojenga, alichukua chupa ya soda, akaikata kitako, akaijengea ukutani chini ya bati, upande wa machweo, mdomo ukichungulia nje. Aliiita jicho. Hezekia aliirithi desturi hiyo, ikawa ndiyo sahihi yake. Mtu hupita njiani, akainua macho, akaona mdomo wa chupa ukimeta, akasema, "Hii ni ya Hezekia."

Sasa mchoro wa stoo ulisema pasiachwe tundu, hata la sisimizi. Hezekia anasoma michoro vizuri kabisa; aliusoma, akawaeleza vijana wake, akawagombeza kabla hawajakosea. Kisha siku ya kozi za mwisho za matofali, mafundi wakiwa wamekwenda kula, mikono yake ikachukua chupa. Waliosema mazoea yana tabu hawakukosea. Alipozinduka, jicho lilikuwa tayari limekaa, na kulitoa aliona kama kumfukua marehemu.

Alipofika kwenye stoo alimkuta mpimaji ameshatega vyombo vyake. Alikuwa binti anayeitwa Witness, kaja na gari kutoka Dodoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo feni yenyewe hiyo?"

"Ndiyo yenyewe." Alikuwa ameuziba mlango mkubwa kwa turubai jekundu lililobanwa kwenye fremu, na katikati ya turubai kulikuwa na feni kubwa kama sinia la pilau. "Inasukuma hewa ndani. Jengo likishika, feni hutulia, maana hewa haina pa kwenda. Likivuja, feni hukimbia ili kufidia. Mimi nasoma hapa tu inakimbia kiasi gani." Akamwonyesha kidude mkononi. "Ila tuwahi. Upepo wa nje ukianza kupiga ukuta, namba zangu zitakuwa za uongo."

Hezekia akatazama mawe ya kilimani, kisha nyasi za kando ya njia. Zilikuwa zimetulia. Lakini upepo wa Singida hauna adabu ya kubisha hodi. Jua likipanda kidogo tu, huo umefika.

Feni ikawashwa. Turubai likavimba, likanguruma. Witness akasoma, akatikisa kichwa. "Inavuja. Tena siyo haba."

Wakatafuta. Kizingiti cha mlango wa pembeni kilikuwa kinapitisha hewa mpaka unaisikia kwenye vidole vya miguu. Marko, msaidizi wa Hezekia tangu akiwa hajaota ndevu, akakijaza silikoni. Feni ikawashwa tena. Namba ikashuka, lakini haikufika chini ya kiwango cha kupita.

"Bado," akasema Witness. "Kuna mahali pengine."

Hezekia akaanza kuzunguka. Akalizunguka jengo, akarudi, akalizunguka kwa upande mwingine. Kila akipita upande wa machweo aliinua macho, na kila mara mdomo wa chupa ulikuwa pale pale, mweusi katikati, ukimtazama.

"Mzee, kaa chini," akasema Emiliana. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa kiuno kinauma."

"Na ukizunguka?"

"Kinauma pia, ila kinabadilisha upande."

Emiliana akacheka, lakini macho yake yalikuwa barabarani, kunako mashamba. Nyasi za kando ya njia zilitikisika mara moja, zikatulia. Witness naye aliziona. "Tukichelewa nitafunga," akasema. "Na kuanzia kesho nina kazi Manyoni, sijui nitarudi lini."

Hapo Hezekia akaona mambo yamemfika shingoni. Akiacha, vitunguu vya mama huyu vitaoza na jina lake litaoza navyo. Akisema, vijana aliowagombeza kwa tundu la sisimizi watajua kwamba mzee wao aliacha tundu la chupa. Akachagua njia ya tatu, ile ya wenye kiburi wote, ya kurekebisha bila kusema. Akadokoa donge la silikoni kwenye ubao, akaokota spoki ya baiskeli, akaita ngazi.

"Nakwenda kuangalia ubao wa pembeni ya bati," akatangaza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Marko akaja kushika ngazi. Hezekia akapanda polepole, goti moja likilalamika, mpaka uso wake ukawa sawa na jicho. Akaingiza spoki ili kuondoa buibui kabla ya kuziba. Spoki iliingia urefu wa kidole, ikagota. Akasukuma. Kitu kigumu. Akasukuma tena kwa nguvu, spoki ikapinda.

Ndani ya chupa mlikuwa na simenti iliyoganda. Si uchafu wala tope la nyigu, bali simenti iliyoshindiliwa na mtu anayejua kushindilia.

Hezekia alikaa pale juu kwa muda, kashika mdomo wa chupa kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Hakujua afurahi au atukane. Alipotazama chini, Marko alikuwa anaangalia miguu ya ngazi kwa bidii sana.

"Marko."

"Naam, mzee."

"Nani ameziba hili?"

Marko akaikaza mikono kwenye ngazi. "Mimi. Kutokea ndani, kabla ya plasta."

"Nani alikutuma?"

"Mchoro."

"Mchoro una mdomo?"

"Uliusoma wewe, mzee, ukatuambia hata sisimizi asipite. Mimi nilikuwa nimesimama kulia kwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniruhusu?"

Hezekia akauliza swali lingine, kama wafanyavyo wakubwa wakibanwa. "Nyumba zangu ngapi umezipofua?"

"Hii tu. Hata ninayolala mimi ina jicho lako. Mke wangu ananisema kila siku, vumbi linamwagika kwenye chandarua."

"Mwambie apanguse."

"Anapangusa, mzee. Huku anakutaja jina."

Ngazi ikatikisika, Hezekia hakujua kama ni Marko anayecheka au ni yeye anayetetemeka. Hasira ilikuwepo. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kama mzigo uliotuliwa, na juu yake fedheha. Usiku kucha amegaragara kwa ajili ya tundu ambalo halipo. Na kama silo, basi stoo inavuja wapi?

Ndani, Witness alikuwa amewasha kidude cha moshi, feni ikiusukuma utafute pa kutokea. Marko akageuza shingo upande wa kona.

"Mzee," akasema taratibu, "mita ya umeme inavuta sigara."

Hezekia akatazama. Kweli, kwenye boksi la mita lililobanwa ukutani, uzi mweupe wa moshi ulikuwa unatoka chini ya kifuniko, unapanda, unapotea. Akashuka ngazi haraka kuliko alivyopaswa kwa umri wake. Wakaita watu, boksi likafunguliwa. Mafundi umeme walikuwa wamepitisha mabomba ya nyaya kutoka ndani ya stoo mpaka kwenye mita, mabomba matano kwa pamoja, yote wazi kama filimbi.

"Hapa," akasema Witness. "Ukiyajumlisha unapata tundu la kiganja kizima. Hili ndilo nilikuwa nalitafuta. Vitundu vya ukubwa wa mdomo wa chupa visingenisumbua hivi."

Hakumaanisha lolote, na hakuwa na habari ya chupa yoyote. Marko alikohoa. Hezekia alimkazia jicho mpaka kikohozi kikapona.

Wakaziba kila bomba kwa silikoni, nje na ndani, Hezekia mwenyewe akishindilia kwa kidole gumba. Nyasi zilikuwa zimeanza kuinama. Feni ikawashwa mara ya mwisho. Ilinguruma, ikapunguza, ikapunguza tena, mpaka sauti yake ikawa ya mtu anayekoroma kwa amani. Witness akatazama kidude, akangoja, akatazama tena.

"Imepita," akasema.

Emiliana hakupiga kigelegele. Alifunika uso kwa khanga, akakaa hivyo kidogo, kisha akatoa simu, akaamuru vitunguu vianze kupakiwa. Ndipo akamjia Hezekia, akampa mkono. "Mzee, ahadi ni deni. Za Kinyangiri ni zako."

Hezekia alikuwa ameyasubiri maneno hayo kwa hamu, na jibu alikuwa nalo tayari. Likakataa kutoka. Akamtazama Marko, aliyekuwa anakunja turubai na kujifanya hasikii.

"Za Kinyangiri atasimamia Marko," akasema.

Marko akaacha kukunja.

"Na wewe?" akauliza Emiliana.

"Nitakuwepo. Lazima awepo mtu wa kumsumbua."

"Kwa hilo huna mpinzani, mzee," akasema Marko.

Upepo ulikuwa umefika sasa, umebeba vumbi na maganda ya alizeti. Hezekia na Marko wakaondoka pamoja kwenda kunywa ile chai. Walitembea mpaka karibu na soko, mzee akiwa mbele, kofia kaishika isiruke. Halafu akasimama ghafla.

"Ulichanganya kwa kipimo gani?"

"Kipi, mzee?"

"Unakijua."

"Simenti moja, mchanga tatu."

"Simenti nyingi hiyo. Itapasua chupa."

"Haijapasua."

"Bado," akasema Hezekia, akaendelea kutembea.