Kioo cha Sonara

Sonara alirithi kwa baba yake mashine kuukuu ya kumiminia dhahabu, ile inayofyonza hewa ili pete isitoke na matundu. Ilikuwa chafu, imeshika kutu, lakini ilifyonza.

"Baba watoto, badilisha oili ya pampu, basi," mkewe alimwambia. "Usimtibu asiyeumwa."

Wapi! Sonara na uchafu wapi na wapi? Akaifungua hadi skrubu ya mwisho, akaisugua kama mkufu wa bibi harusi. Hata bamba la juu, ambalo mpira hulilalia kuzuia hewa isipenye, alilipiga msasa na brashi mpaka likang'aa kama kioo, likalika upande mmoja.

Alipoiwasha, pampu ilinguruma, lakini mshale wa geji ya kupimia hewa haukutikisika. Hewa ilikuwa ikipita chini ya mpira kwa raha zake.

"Maiti imeoga," mkewe akasema.

"Kwani zamani ilikuwa nzuri hivi?" sonara akafoka.

Siku hizi mashine iko mbele ya duka. Wateja hujitazamia humo wakijaribu pete, na kumsifu fundi. Pete zenyewe humiminwa kwa jirani, ambaye mashine yake hajaipangusa tangu ainunue.