Mapafu ya Mbuzi Darasani

Muuza nyama alifika shuleni saa nne asubuhi na ndoo mkononi, akidhani anaacha mzigo na kurudi buchani. Dada yake mkubwa, mwalimu wa biolojia, alikuwa amemwagiza mapafu ya mbuzi na kipande cha ini. Lakini mafua yalikuwa yamemkausha sauti dada wa watu. Akashika chaki, akaandika ubaoni: "Fundisha wewe."

"Dada, mimi shule niliiaga zamani," muuza nyama alinong'ona.

Wanafunzi arobaini walikuwa wamemkodolea macho. Dada akamsukuma mbele kwa kiwiko.

Basi akafanya anachokijua. Alichomeka mrija wa mpira kwenye koo la hewa, akapuliza. Mapafu yakafura, darasa zima likasimama. Akakata kipande, akakitia kwenye beseni la maji, kikaelea. Cha ini kikazama.

"Pafu limejaa vifuko vya hewa," alisema, "vidogo hata hamvioni."

"Kwa nini kisiwe kimoja kikubwa?" aliuliza msichana wa dawati la mbele.

 Muuza nyama akamtazama dada yake, dada akatazama dari. Kisha akawaza kazi yake ya buchani.

"Nikipaka chumvi pande zima la nyama, itakolea lini?"

"Labda kesho."

"Na nikilichanachana vipande vyembamba?"

"Sasa hivi tu."

"Kwa sababu pa kuingilia pamekuwa pengi, na njia fupi. Vifuko navyo ni vingi, kuta zake nyembamba, na damu inapita hapo hapo nyuma. Hewa safi inaingia, chafu inatoka."

"Na samaki, anapumuaje majini?" aliuliza mwingine.

"Matamvua yake yako kama kurasa, maji yanapita katikati. Ukimtoa nje, kurasa zinagandana. Anakosa pumzi na hewa imemzunguka."

Dada akaandika: "Si hewa chafu. Kabonidayoksaidi." Muuza nyama akajaribu kulitamka, ulimi ukamteleza mara tatu, wanafunzi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye akacheka.

Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Msichana yule alitaka kujua chakula nacho kinaingiaje kwenye damu.

"Utumbo mwembamba, ndani yake uko kama taulo, vinyuzi tele vya kufyonza," alijibu. "Alhamisi nitauleta, muupapase wenyewe."

Alhamisi asubuhi mkewe alimkuta anapiga pasi aproni.

"Unakwenda harusini?"

"Nina kipindi," alisema, akageuza upande wa pili.