Uzi wa Mkono Mwingine

Mkoba wa mume wangu ulikuwa umeshonwa kwa uzi usio wangu.

Niliujua palepale. Kwetu mtoni kila mwanamke huchambua makuti machanga ya chambira, mchikichi wa mwituni, na kuzisokota nyuzi zake pajani. Wangu ulikuwa mwembamba, umekaza. Huu ulikuwa mnene huku, mwembamba kule, tena umezungushwa kinyume. Nikampelekea wifi yangu Delfina, Mungu amrehemu.

"Mmh! Aliyesokota huu ni wa mkono wa kushoto," alisema, akaunusa kabisa. "Wifi, unaibiwa mchana kweupe."

Tangu nyoka aniume mwaka uliotangulia, mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na mke asiyesokota hana mkoba, hana wavu, hana hata bembea ya kumlaza mumewe. Kwamba mume wangu Rosendo angetafuta mwingine nilikuwa na hakika. Sikujua tu ni nani. Nikawa nawatazama mikono wanawake wote kijijini, hata mke wa mwalimu. Aliyeshika bakuli kwa kushoto nilimchukia siku nzima.

Asubuhi moja Rosendo aliaga kwamba anakwenda kukata makuti. Nikamfuata. Chambira ina miiba toka shinani hadi juu, ikanichana mikono, nami nikajiambia afadhali miiba kuliko nitakachokikuta.

Alikuwa peke yake. Ameketi juu ya gogo, suruali ameikunja hadi nyongani, anasokota. Paja lilikuwa limechubuka. Uzi ulikatika, akautukana, akaanza upya. Alikuwa akivuta pale tunaposukuma sisi, ndiyo maana ulizunguka kinyume. Kando yake ilikuwepo bembea yetu ya kulalia, ile iliyonishinda kuitengeneza, imefika nusu.

Aliponiona alijifunika paja upesi kama mwari.

"Mama Nilo, usimwambie mtu. Watasema nimeolewa mimi."

Nililia, sifichi. Kisha nikaketi karibu naye.

"Sukuma, baba. Usivute."

Tuliporudi, Delfina alikuwa mlangoni petu, shingo ameirefusha.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ni nani? Mzuri?"

Rosendo alikuwa nyuma yangu na mzigo wake wa makuti. Hakuinua uso.

"Mzuri kuliko mimi," nilisema. "Nimemwambia aendelee."