Ghorofa Inayoshuka Saa Mbili

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, mjomba alijaza upepo gurudumu la kushoto la kiti, akalibonyeza kwa dole gumba, akaongeza kidogo. La kulia halikuwa na tatizo. Juu ya mapaja ya mpwa wake aliweka bahasha ya kaki yenye barua ya ajira, na juu ya bahasha akaweka kopo la chakula lililofungwa kwa leso lisije likafunguka njiani. Mpwa huyo alikuwa na miaka thelathini na moja, na hii ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu azaliwe. Chuoni aliposomea uhazili walimwita Chapchap, kwa sababu alichapa haraka kuliko mwalimu wake, na jina likamganda.

"Ukifika usiwaoneshe kwamba umefurahi sana," mjomba alimwambia. "Watakurundikia kazi."

"Lakini nimefurahi, mjomba. Sasa nifanyeje?"

Barua ilisema ameajiriwa chini ya Mpango wa Ajira kwa Wote, awe karani wa masjala katika Kitengo cha Ajira za Watu Wenye Ulemavu, kwa majaribio ya miezi mitatu, na kwamba kitengo kiko ghorofa ya tatu. Barua haikutaja ngazi. Zilikuwa hamsini na nne, za zege. Lifti haikuwepo, kulikuwa na tundu lake tu, ambalo wajenzi waliliacha wazi tangu jengo lilipojengwa, na mfagiaji alihifadhi humo ndoo na mafagio.

Siku hiyo mjomba na mlinzi wa getini walimbeba, kiti na mwenye kiti, wakipumzika kila baada ya ngazi tisa. Walifika saa mbili na dakika nne. Daftari la mahudhurio lilikuwa hukohuko juu, na saa mbili kamili Mkuu wa Kitengo, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amekwisha kupiga mstari mwekundu. Jina la Chapchap likaandikwa chini ya mstari. Kwa aliye kwenye majaribio, mara tatu chini ya mstari maana yake ni kurudi nyumbani. Jumanne mgongo wa mlinzi ulikataa kwenye ngazi ya thelathini na moja, na jina likaenda chini ya mstari kwa mara ya pili. Jumatano mjomba alimpandisha peke yake mgongoni, akarudi kufuata kiti. Waliwahi, lakini mjomba alikuwa na miaka sitini na tatu, na baada ya hapo alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa karibu saa nzima, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu. Chapchap alimwangalia kutoka mlangoni na akaamua kwamba kazi haina thamani hiyo.

Kabla ya kukata tamaa aliandika barua, kwa utaratibu unaotakiwa, kwenda ofisi ya utumishi iliyokuwa ghorofa ya chini. Aliandika: "Naomba nipandishwe kila siku asubuhi, na kuteremshwa jioni." Jibu lilikuja siku ileile, jambo lililowashangaza watumishi wa zamani wakalizungumzia wiki nzima. Jibu lilisema kwamba mtumishi aliye kwenye majaribio haruhusiwi kuomba kupandishwa kabla hajathibitishwa kazini, kwamba hakuna cheo kinachopandishwa kila siku, na kuhusu kuteremshwa, hilo linaweza kuangaliwa iwapo mwenendo wake utahitaji.

Alhamisi alimwambia mjomba arudi karakanani kwake, akachomelee mageti ya watu. Mjomba akabisha, akanuna, mwishowe akaondoka akigeuka nyuma kila hatua tatu. Chapchap akabaki uani, kati ya magari na vyungu vya maua, akiitazama saa ya mlinzi. Aliona uchungu mkubwa. Miaka sita alikuwa ameisubiri barua ile, na sasa kazi ilikuwa palepale juu ya kichwa chake, madirisha wazi, anawasikia wenzake wakicheka.

Saa mbili kasoro dakika tano ghorofa ya tatu ilitoka katikati ya jengo, kama droo inavyovutwa mezani, ikashuka taratibu na kutua uani juu ya vyungu viwili. Ndani watumishi walikuwa kwenye meza zao. Mhudumu wa chai alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa sawa na ardhi.

"Ingia basi, dada, chai inapoa," mhudumu alisema.

Chapchap akaingia, akasaini juu ya mstari. Ghorofa ikapanda, ikajipenyeza mahali pake, vumbi kidogo likadondoka. Ghorofa ya nne muda wote huo ilikuwa imebaki juu bila kushikiliwa na kitu, na wakaguzi wanaofanya kazi humo walipoulizwa walisema hawakuona lolote, kama kawaida yao. Saa kumi jioni ghorofa ya tatu ikashuka tena, Chapchap akatoka, akaenda nyumbani.

Mjomba aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Wenzako wanapanda kuifuata kazi, wewe kazi inakushukia! Una makuu wewe." Kisha akavaa miwani yake ya kuchomelea, ingawa siku hiyo hakuwa na chochote cha kuchomelea, akakaa nayo hivyo hadi chakula kilipoiva.

Ofisini walizoea ndani ya wiki moja. Mtunza bustani alihamisha vyungu vilivyosalia. Dereva wa Mkuu alitafuta maegesho mengine, akalalamika siku mbili. Mlinzi, ambaye mgongo wake ulikuwa unapata nafuu, alinunua filimbi, na kila ikikaribia saa alisimama katikati ya uwanja akapuliza na kupaza sauti, "Pisheni! Kuna ofisi inashuka!" Mkuu alitoa waraka kwamba kati ya saa mbili kasoro dakika tano na saa mbili kamili vikombe visijazwe zaidi ya nusu.

Chapchap aliipenda kazi yake waziwazi, hata mjomba alipomkanya. Alipenda harufu ya majalada, kamba zake za kijani, na namna mhuri unavyotoa sauti ukipigwa juu ya meza ya mbao. Wiki ya pili alifika kwenye kabati la waombaji. Lilikuwa na droo nane, saba tupu. Ya nane ilikuwa na jalada moja, nalo lilikuwa lake.

Akamwuliza Mkuu waombaji wengine wako wapi. Mkuu akamwonesha taarifa za miaka sita, zote zimeandikwa, "Mwitikio wa walengwa bado ni mdogo."

"Nadhani hawapendi kazi," Mkuu alisema kwa masikitiko ya kweli. "Sisi tupo hapa kila siku."

Fomu ya kuomba kazi ilitakiwa isainiwe mbele ya ofisa na kupigwa mhuri, na kanuni ilikataza mhuri kutoka ghorofani. Chapchap alikumbuka kwamba miaka sita nyuma mjomba alimleta hapa mgongoni, wakati bado ana nguvu zake. Kumbe hakuwashinda wengine kwa sifa yoyote. Aliwashinda kwa mgongo wa mjomba. Ilimuuma, akashinda mchana kutwa akichapa polepole kiasi kwamba mhudumu wa chai alimuuliza kama anaumwa.

Wiki ya tatu fundi saa mmoja mwenye magongo, aliyekuwa akitengeneza saa kwenye kibaraza ng'ambo ya barabara, alivuka kuja uani. Alikuwa ameitazama ghorofa ikishuka siku kumi za kazi mfululizo, akiifananisha na saa yake, na ilikuwa haijachelewa hata mara moja.

"Dada, naweza kupanda nawe?"

"Karibu, kaka. Shika meza hiyo, huwa inatikisika kidogo ikifika juu."

Alisaini fomu yake, akapigiwa mhuri. Kesho yake walikuja wanne, mmoja kipofu akiongozwa na mkewe. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na saba, na foleni ikawa inaanzia getini. Ghorofa iliwasubiri wote waingie. Mhuri ulishuka na kupanda bila kutoka ghorofani, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Droo zilijaa, ikabidi lije kabati la pili. Watu kadhaa walipangiwa kazi, na Mkuu akaandika kwenye taarifa yake kwamba walengwa hatimaye wamehamasika.

Katika wiki ya sita Chapchap alishikwa na homa, akalala nyumbani siku moja. Saa mbili mlinzi alipuliza filimbi kwa mazoea, lakini juu hakukutikisika kitu. Watu ishirini na mbili walikaa uani mpaka saa kumi. Baadhi yao walikuwa wamepanda magari mawili kufika pale. Mlinzi aliwaambia, "Dada hajaja," nao wakaelewa, wakaondoka. Kesho yake Chapchap alikuja na homa yake, amejifunika shali, na ghorofa ikashuka.

Mwishoni mwa mwezi wake wa tatu kazini alikuja mhandisi kutoka makao makuu na futi yake ya chuma. Alitumwa kupima tundu la lifti, maana baada ya miaka yote hiyo hatimaye lifti ilikuwa imeingizwa kwenye mipango. Alipima, akamwomba radhi mfagiaji mwenye ndoo, akaandika. Saa kumi jioni aliiona ghorofa ikishuka na watu wakitoka. Akairudisha futi kwenye mkoba.

"Mbona mnayo njia nzuri kuliko lifti," alisema.

"Inashuka nikiwepo mimi tu," Chapchap akamweleza.

"Na wewe si upo?"

"Nipo."

"Basi."

Taarifa ya mhandisi ilihitaji kuchapwa, na karani alikuwa yeye. Ilisema jengo linafikika na watu wote na kwamba mradi wa lifti uondolewe kwenye mipango. Aliichapa kwa dakika nne. Akairudia kuisoma, akatafuta kosa la herufi, hakuliona, akaipeleka kwa Mkuu ikasainiwe.

Wiki hiyohiyo alithibitishwa kazini. Barua ilisema ni mtumishi wa kudumu, ana haki ya matibabu, na likizo ya siku ishirini na nane kwa mwaka. Mjomba aliitengenezea fremu ya chuma, nzito kiasi kwamba msumari wa kwanza ulipinda, akaitundika sebuleni mahali ambapo mgeni akiingia hawezi kukwepa kuiona. Aliwasomea majirani wote, hata wanaojua kusoma. Chapchap alimkataza kwa mdomo tu. Moyoni alitamani aendelee. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi.

Asubuhi iliyofuata hali ya hewa ilikuwa nzuri, na uani kulikuwa na watu kama thelathini. Habari za barua zilikuwa zimewafikia kupitia kwa mlinzi, wakampongeza, wakampigia makofi, mama mmoja akapiga vigelegele akiwa kwenye kiti chake. Fundi saa, aliyekuja kuweka sahihi ya pili kwenye fomu yake, alimsogelea na kumpa mkono.

"Hongera sana, dada. Sasa wewe ni wa kudumu."

"Asante, kaka."

"Wanasema hata likizo umepewa."

"Nimepewa. Siku ishirini na nane."

Waliokuwa karibu wakasogea. Kipofu na mkewe waligeuza nyuso upande wake.

"Utakwenda lini?" fundi saa akauliza.

Filimbi ililia. Ghorofa ilikuwa imekwisha kutoka katikati ya jengo, inakuja chini taratibu, mhudumu wa chai ameshika chupa yake dirishani. Ikatua. Chapchap akasogeza kiti chake pembeni ya mlango ili asizibe njia.

"Ingieni kwanza," alisema.